Kabla Tingatinga Halijafika, Onyesha Mahali pa Wazee

Pengine umepata kuchimba fanya juu katika shamba lako, jembe likagonga kitu. Ukainama ukaokota kigae cha chungu chenye nakshi ambazo hata bibi yako hakuzijua, au bonge zito jeusi, yaani mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa zamani. Wengi wetu hukitupa kitu hicho mpakani na kuendelea na kazi.

Kigae kimoja kikitupwa, hasara ni ndogo. Lakini leo si jembe peke yake linalofukua ardhi ya Kitui na Makueni. Kuna barabara, mabomba ya maji, machimbo na mabwawa. Tingatinga huweza kufuta kwa asubuhi moja mambo yaliyokaa ardhini miaka mia kadhaa.

Tazama bwawa la Thwake. Kazi yake ilianza mwaka 2018, mahali ambapo mto Thwake huingia mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukuta wake ulipangwa kufika mita 80 hivi kwenda juu, na kuzuia maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Sisi tuliozoea kufuata maji kwa punda hatuhitaji kuelezwa faida yake. Lakini penye bwawa kubwa, bonde huzama, na katika bonde hakuna mashamba tu. Huweza kuwa na makaburi, mahame ya zamani, na mathembo, yaani mahali ambapo wazee wa Kikamba walitoa sadaka kuomba mvua.

Je, ni lazima tuchague maji au mahali pa wazee? Mara nyingi sivyo, ikiwa habari imetolewa mapema.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka mradi mkubwa uchunguzwe kabla ya kupewa leseni na Mamlaka ya Mazingira, NEMA. Kanuni za mwaka 2003 zaeleza kwamba uchunguzi huo usitazame udongo, maji na wanyama tu, bali pia utamaduni na vitu vyenye thamani ya utamaduni. Katika uchunguzi kamili, mwenye mradi lazima abandike matangazo, atangaze katika magazeti na redio, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa.

Hapa ndipo mkulima anapohitajika. Mtaalamu atokaye mbali hutembea siku chache, kisha huandika. Akiona mkuyu, huona mti. Hawezi kujua kwamba chini yake ni ithembo, kwa maana hapana ukuta wala kibao. Asipoambiwa, taarifa yake itasema kwamba mahali hapo hapana kitu, na tingatinga litafuata taarifa.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Andikeni mapema. Tembea na wazee wa kijiji, wanaume kwa wanawake. Katika daftari andika jina la kila mahali, kilima au kijito kilicho karibu, na ni nani ajuaye habari zake. Chora ramani ndogo. Yataje na makaburi, hasa yale yasiyo na saruji wala msalaba. Kama mahali pana siri, si lazima kuitoa; yatosha kuonyesha mpaka.

2. Nenda barazani. Sema kwa Kikamba, kama ndiyo lugha uijuayo vema. Hakikisha maneno yako yameandikwa. Kisha peleka barua, nawe ubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Neno lililosemwa na kusahauliwa halitakusaidia baadaye.

3. Uliza maswali. Je, mtaalamu wa mambo ya kale amepita hapa? Makavazi ya Kitaifa yameambiwa? Barabara haiwezi kupinda kidogo? Shimo la changarawe haliwezi kuchimbwa upande wa pili? Mstari ukiwa bado katika karatasi, kuuhamisha si kazi kubwa. Na kama hapana budi mahali paharibiwe, wataalamu wapewe nafasi ya kuchimba, kupima na kuandika kwanza.

4. Ukikuta kitu cha kale, kiache kilipo. Usikioshe, usikivunje kuona kilichomo, wala usikiuze, maana vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 yataka utoe habari kwa Makavazi katika muda wa siku 7. Kikionekana wakati wa ujenzi, msimamizi lazima asimamishe kazi mahali hapo mpaka apate ruhusa ya kuendelea. Ukiajiriwa kibarua katika ujenzi, jua kwamba hiyo ni amri ya sheria, si hisani ya msimamizi.

5. Usikate tamaa leseni ikitolewa. Liko Baraza la Rufani la Mazingira, nawe una siku 60 za kupeleka shauri. Mwezi Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa katika uchunguzi.

HOFU MBILI

Wengine husema, "Nikionyesha, Serikali itachukua shamba langu." Kutoa habari si kutoa shamba. Ili mahali pawekwe chini ya ulinzi wa taifa, Waziri hutangaza kwanza katika Gazeti la Serikali, na mwenye ardhi hupewa nafasi ya kupinga. Huko pwani, misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa hivyo mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaitia baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Mipaka yake yajulikana, lakini mambo ya ndani yamebaki kwa wazee.

Wengine husema, "Mimi ni mtu wa kanisa, ithembo hainihusu." Hakuna anayekutaka uabudu hapo. Lakini hapo ndipo babu zako walipokutana mvua ilipokosa, na mara nyingi hapo ndipo miti ya zamani iliposalia bila kukatwa. Hata asiyetoa sadaka aweza kushuhudia ukweli huo.

Usingoje mradi mkubwa. Hata kikundi chenu kikitaka kuchimba silanga au kujenga bwawa la mchanga, anzeni kwa kutembea mahali hapo pamoja na mzee mmoja anayepajua. Ni kazi ya nusu siku tu. Bwawa likishajaa, hakuna atakayeyaambia maji yarudi nyuma ili tutazame kilichokuwa chini.

Wazee wanaojua majina ya mahali hapo wanapungua kila mwaka. Jumamosi hii, chukua daftari na kalamu, ukamwite mmoja wao mtembee pamoja.