Sekei: Ahadi za Diwani na Maji ya Mlimani

Mgombea udiwani anapokuja kuomba kura Sekei, kata ya Jiji la Arusha, orodha yake wananchi wanaijua kabla hajashika kipaza sauti. Lami kwenye barabara za ndani, mitaro, taa za barabarani, maji, gari la taka lipite kwa siku yake, mikopo ya kinamama na vijana. Ni orodha nzuri, na anayeishi huko hatapunguza hata kimoja. Tatizo ni kwamba katika hayo yote, machache sana yako mikononi mwa diwani.

Barabara za mitaa zilitoka halmashauri mwaka 2017 ilipoundwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu inayopita Sanawari, ile iliyopanuliwa kutoka Sakina hadi Tengeru kwa kilometa 14.1, ni ya TANROADS. Maji ni AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha; nguzo za umeme ni TANESCO. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikusanywa na halmashauri, tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa agizo kutoka juu, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa muda wote huo, wa kuulizwa na vikundi mtaani alikuwa diwani.

Kwa sababu hiyo sipimi mgombea kwa urefu wa orodha yake. Namuuliza kazi ipi itangulie, na nani ataitwa kwenye kikao kabla haijaanza. Sekei ni mahali ambapo mpangilio ukikosewa, mvua inakuja kuonyesha kosa.

Kata hii imekaa kwenye miteremko ya chini ya Meru, mlima unaozidi meta 4,500. Udongo wake ni wa volkano, mweusi na laini, unaopenda mgomba na kahawa na unaosombwa upesi ukiachwa wazi. Mashamba ya juu yamegawanywa viwanja, viwanja vimekuwa nyumba, na kila nyumba ina bati na ua wa sakafu ngumu. Maji yaliyokuwa yakinywewa na shamba sasa yanatafuta barabara. Na huko juu, Ilboru na Moivo, si eneo la Jiji, ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, yenye baraza lake na bajeti yake. Mvua inanyesha kwenye halmashauri moja, mafuriko yanaingia kwenye halmashauri nyingine. Hakuna ahadi ya mitaro Sekei inayoweza kutimia kama diwani hajazungumza na madiwani wenzake wa juu, ambao pengine si wa chama chake na ambao wapiga kura wao hawajaathirika.

Sisemi haya kwa kuogopa matope ya viatu. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji kwenye korongo huko Muriet, kusini mwa mji, watoto wakafa. Hakuna mzazi Arusha aliyesahau. Mji uliojengwa chini ya mlima unatakiwa kuyapangia maji njia kabla ya kitu kingine chochote.

Tazama mtaro mmoja kwa karibu, kandokando ya barabara yoyote ya ndani iliyopata lami. Fundi aliujenga vizuri, mawe na saruji, upana uleule mwanzo hadi mwisho. Kisha wenye nyumba wakaanza kuweka vivuko vya kuingizia magari. Huyu ameweka bomba la inchi 12, jirani yake la inchi 6, wa tatu amepanga mawe na kumwaga zege juu, akabakiza tundu ambalo mkono haupiti. Masika yakija, maji hushuka na chupa za plastiki, majani ya migomba na mchanga. Yanakwama kwenye tundu dogo kuliko yote, yanapanda juu ya lami na kuanza kuila pembeni. Uwezo wa mtaro mzima unakuwa sawa na wa kivuko chake kibovu kuliko vyote, hata kama mkandarasi alifuata michoro hadi sentimeta ya mwisho. Ndipo wananchi wanasema lami ilikuwa ya chini ya kiwango, mgombea ajaye anaahidi lami nyingine, na mtaro haumo kwenye hotuba.

Kufanya kazi kwa mpangilio hakutushindi. Mradi wa miji ya kimkakati, TSCP, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga Arusha barabara zikiwa na mitaro, njia za waenda kwa miguu na taa, vyote kwa pamoja. Ulitupatia pia dampo la kisasa Muriet. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na ukifungwa, kuzibua mtaro na kubadilisha betri ya taa ya sola vinahitaji fungu la kila mwaka ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Hilo fungu sijasikia likiombewa kura.

Maji ya bomba nayo. Mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 520, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudia kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku, pamoja na kupunguza madini ya floraidi, ambayo kwa vizazi yamechafua meno ya watoto wa ukanda huu. Hakuna anayeupinga. Ila bomba lazima lichimbiwe. Likitangulia lami, ni kazi moja. Likifuata, barabara inakatwa katikati, inafukiwa kwa udongo, na kila gari linalopita linazidisha shimo. Tofauti ya hayo mawili ni kikao kimoja.

Na kikao ndicho diwani alichonacho. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Anaweza kuwaalika mhandisi wa TARURA na mtu wa AUWSA wakae meza moja na wenyeviti wa mitaa, kila mmoja na ratiba yake. Kwenye Baraza la Madiwani anapiga kura ya bajeti na sheria ndogo. Kibali cha ujenzi bado kinatolewa na Jiji. Basi kiandikwe humo kipimo cha kivuko, na asiyekifuata asipewe kibali. Hilo halihitaji mkopo wa nje.

Masika huanza Machi. Kikao cha mitaro, wakiwemo wale wa Ilboru na Moivo, kinatakiwa kiitwe Januari, wakati mitaro mingi ni mikavu na vibarua wanaweza kuingia kuizibua.