Meno 56 ya Kabati la Kijapani

Nilipokwenda Uingereza mwaka 2024, begi langu lilikuwa na yale yote abebayo mtu wa Mombasa anapokwenda kuwatazama jamaa: halua, achari ya embe, kashata za nazi, kanzu mbili na salamu zisizo na idadi. Chini kabisa, ndani ya kikoi, mlikuwa na kitu kimoja ambacho bwana wa forodha alikigeuza mara tatu mkononi kabla ya kunirudishia. Kilikuwa ni mtambo wa michezo ya televisheni, Mega Drive wa kampuni ya Sega, mweusi, na ndani ya mdomo wake wa kutilia kaseti mlikuwa na kutu. Kutu ile ilikuwa ni kosa langu.

Mtambo ule ulinunuliwa ng'ambo na marehemu shemeji yangu, ambaye alikuwa baharia. Alirejea nao mwaka 1992 pamoja na kaseti moja tu, ile ya Sonic, kinyama wa rangi ya buluu akimbiaye kama aliyefukuzwa na nyuki. Haukupita mwaka, shemeji akafariki. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa na umri wa miaka 12. Alipokuwa mkubwa akaenda kusoma Uingereza, akaniachia mtambo ule nimtunzie, nami nikauweka katika chumba cha juu kwenye dirisha linalotazama bahari. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa lililofuata. Hewa ya chumvi haichagui; hula misumari ya mlango, hula kitasa, na kwa miaka ishirini na kitu ikala taratibu vile vishaba vinavyoshika kaseti.

Mpwa wangu sasa anakaa Leicester, ana mke na mtoto wa kiume wa miaka kumi. Aliniandikia kwamba amenunua kabati kuukuu la mchezo, zile mashine za kusimama nazo ambazo zamani zilikuwa zikiwekwa katika kumbi na watu wakitia sarafu, na kwamba anataka kuuoanisha nalo mtambo wa babake. "Mjomba, niletee," akasema, "hata ukiwa mbovu."

Kabla sijaondoka, mzee mmoja wa barazani kwetu alisikia habari za mashine ya kutia sarafu akanitazama kwa jicho baya. Hakuwa na makosa, maana mitaani mwetu tumeziona mashine za kamari zikiwamaliza vijana. Lakini hizi ni mbili mbali. Mashine ya kamari huchukua sarafu ikakuahidi sarafu. Ya mchezo huchukua sarafu ikakupa dakika chache za kucheza, na ukishindwa imekwisha; haina cha kukurudishia. Atakayesema kwamba huko nako ni kupoteza pesa na wakati sitabishana naye. Ila kupoteza ni jambo moja, na kubahatisha mali ni jambo jingine. Mzee aliniambia nimletee tasbihi, yakaishia hapo.

Kabati lenyewe nililikuta katika banda nyuma ya nyumba, karibu na baiskeli ya mtoto. Ni Astro City la Sega, la mwaka 1993, jeupe, kioo chake inchi 29, na mbele lina vijiti viwili na vitufe kwa wachezaji wawili. Limetengenezewa Japani, kwa hivyo linataka umeme wa volti 100, na umeme wa Uingereza ni wa 230 au zaidi kama wetu. Pembeni limewekewa transfoma nzito ya kuupunguza. Kioo ni cha yale matungi ya zamani, mazito kama jiwe la kusagia, ambayo viwanda vikubwa vimekwisha acha kuyatengeneza. Likifa moja, limekufa. Mpwa wangu aliniondoa mkono wangu haraka nilipotaka kuligusa kwa nyuma. Ndani ya tungi lile mna zaidi ya volti 20,000, na hata ukizima umeme yaweza kubaki humo ikikungoja.

Nikamwuliza kwa nini asinunue televisheni bapa ya kisasa akaichomeka Mega Drive ikesha. Akaniambia televisheni hizo huichukua picha ya zamani, zikaitafakari kwanza, ndipo zikaionyesha. Ukibonyeza leo unaona kesho. Tungi halitafakari. Isitoshe, alitaka kucheza na mwanawe wakiwa wamesimama bega kwa bega, si kila mmoja kazama katika kochi lake.

Basi kazi ilikuwa ni kuunda kiunganishi baina ya vitu viwili ambavyo havikuumbwa kwa ajili ya kuonana. Hapo ndipo nilipofundishwa habari za JAMMA. Zamani, kila mtengenezaji wa michezo ya kabati alikuwa na nyaya zake, na mwenye ukumbi akitaka kubadilisha mchezo ilimbidi afumue kabati zima. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani, ambacho jina lake kwa ufupi ndilo JAMMA, kikaweka utaratibu mmoja: ubao wa kila mchezo uwe na ukingo wenye meno 56 ya shaba, 28 upande wa juu na 28 upande wa chini, na kila jino liwe na kazi yake isiyobadilika. Hili jino ni la rangi nyekundu, hili la kijani, hili la sauti, hili la kijiti kwenda juu. Baada ya hapo, kubadilisha mchezo ikawa ni kuchomoa ubao mmoja na kuchomeka mwingine. Mimi mtunzi wa mashairi nililipenda jambo hili upesi. Shairi letu nalo limekubaliwa mizani yake, na mtu wa Lamu na mtu wa Tanga wakajibizana pasi na kukutana.

Meno ya upande mmoja huhesabiwa kwa tarakimu, na ya upande wa pili kwa herufi. Mpwa wangu alinipa kazi ya kumsomea huku yeye akitia lehemu. Nikaanza kwa sauti ya chuoni: A, B, C, D, E, F, G. Akasimamisha mkono. "Mjomba, hapana G." Hapana G, wala I, wala O, wala Q, zimeachwa ili zisije zikadhaniwa nyingine. Sisi tuliosoma chuoni tulichapwa kwa kuruka herufi moja, na hapa nilikuwa nakosea kwa kutoiruka. Kama hakunisimamisha, waya wa kijani ungalitua meno mawili mbele, kwenye kitufe cha fundi, nasi tungalikaa usiku kucha tukiuliza rangi ya majani ya Sonic imekwenda wapi.

Upande wa mikono haukuwa mgumu. Padi ya Mega Drive ina vitufe vitatu na kimoja cha kuanzia, na JAMMA nayo humpa kila mchezaji vitufe vitatu na kimoja cha kuanzia, kana kwamba walipangana. Kijiti cha kabati kikisukumwa, au kitufe kikibonyezwa, waya wake huguswa na ardhi, yaani upande hasi. Na padi hufanya vivyo hivyo. Alifungua padi mbili kuukuu alizonunua sokoni, akalehemu waya mwembamba juu ya kila kituo cha kitufe, akazileta nyaya zote kwenye meno. Mitambo mingine si myepesi hivyo. Ya Nintendo, kwa mfano, huzipokea habari za vitufe kwa foleni, moja baada ya moja juu ya waya mmoja, na ya PlayStation ina mazungumzo marefu zaidi. Wenye kuiunganisha hiyo aghalabu hutia katikati kompyuta ndogo ya kutafsiri.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Kabati hungoja sauti iliyokwisha kukuzwa, tayari kwenda kwenye spika, na mtambo wa nyumbani hutoa sauti hafifu. Akachanganya kushoto na kulia wakawa mmoja, akatia kikuza-sauti kidogo cha redio. Umeme wa mtambo hakuuchukua kwenye kabati, ingawa meno ya volti 5 na 12 yapo. Aliuachia adapta yake yenyewe ya volti tisa. Akaniambia vitu vya marehemu havijaribiwi.

Picha ndiyo iliyotutoa jasho. Mega Drive ya Ulaya hutoa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa njia yake, kwa ajili ya ile soketi pana iitwayo SCART iliyoanzia Ufaransa. Na kabati hutaka rangi tatu hizo hizo, pamoja na ishara ya kuipanga picha. Mistari nayo inalingana, yapata 15,700 kwa sekunde. Kwa hivyo lugha ni moja. Tofauti ni kwamba mtambo hunong'ona na kabati ni kiziwi. Mtambo hutoa rangi kwa nguvu ya volti 0.7, na kabati limezoea kama volti tatu au zaidi. Usiku wa kwanza alijaribu kuunganisha moja kwa moja, kwa tamaa. Picha ikatoka, lakini ilikuwa kama chumba kilichowashwa kandili iliyokwisha mafuta. Mtoto alibandika uso kwenye kioo akasema, "Yupo! Namwona macho tu." Usiku wa pili ndipo akaunda kikuza-ishara chenye njia tatu, moja kwa kila rangi.

Jino la sarafu aliliacha tupu. Jambo hili lilinifurahisha nikaliandika katika daftari. Makampuni yenyewe yalikwisha kuingiza michezo ya nyumbani kabatini, Nintendo mwaka 1986 kwa PlayChoice-10 na Sega mwaka 1989 kwa Mega-Tech, lakini humo mchezaji alinunua dakika, na dakika zikiisha mchezo hukatwa hata kama ndio kwanza unanoga. Kiunganishi cha mpwa wangu hakijui pesa. Mdomo wa sarafu wa kabati lake umezibwa kwa kipande cha mbao, na mtoto anauita "mlango wa mchwa".

Sasa nije kwenye kosa langu la pili. Usiku wa tatu kila kitu kilikuwa tayari, kutu ya mdomo wa kaseti imekwisha kusuguliwa kwa spiriti na subira, na mpwa wangu alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati. Akaniomba nichomeke kile kishikio cha nyaya za kabati kwenye ukingo wa ubao wetu. JAMMA wameweka ulinzi hapa: mahali pa jino la saba hapana jino, bali pana pengo, na kishikio kina kiplastiki kinachoingia pengoni, ili mtu asichomeke kinyume. Kiplastiki cha kabati hili kilikuwa kimeng'oka zamani. Meno ya ardhi yako ncha zote mbili, kwa hivyo ukigeuza, ardhi itakutana na ardhi kana kwamba mambo ni sawa. Lakini volti 12 za jino la sita zitatua kwenye jino la 23, nalo ni la kitufe cha pili. Kitufe hicho kimeunganishwa na chipu ndogo ndani ya padi, ambayo maisha yake yote haijaonja zaidi ya volti tano, na nyuma ya padi ndio mtambo wa marehemu.

Nilikuwa nimekishika kinyume. Nilikwisha kukisukuma nusu. Mtoto, aliyekuwa ameshika tochi, akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Leicester, "Babu, moja iko huku." Alikuwa ameona tarakimu 1 iliyochapwa pembeni mwa ubao, na upande wangu ulikuwa wa 28. Nikakichomoa. Babake alitoka nyuma ya kabati, akatazama kishikio, akanitazama mimi, asiseme neno. Akaenda kuchukua kipande cha plastiki kutoka kwenye kifuniko cha chupa, akakichonga, akakitia pengoni kwa gundi, tukangoja ikauke. Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Mke wake alituletea chai ya tangawizi na kashata zangu.

Kabati lilipowashwa lilivuma kwanza, kisha kioo kikapata joto, na jina la Sega likatokea jeupe na buluu, ang'avu hasa. Mtoto akaruka. Kwa kuwa kabati la Kijapani hutaka picha 60 kwa sekunde, na mitambo ya Ulaya ilitengenezwa kwa 50, mpwa wangu alikuwa ametia swichi ya kuubadilisha mtambo uende kwa 60. Sonic akatoka kama mshale. Lakini mimi niliusikia ule muziki nikaona una jambo, umekuwa wa haraka mno, kama kasida inayosomwa na mtu anayewahi basi. Nilimwambia. Akaniambia, "Ndivyo ulivyotungwa, mjomba. Sisi Mombasa ndio tuliokuwa tukiusikia polepole." Katika mitambo ya Ulaya mchezo ule ulikwenda pole kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, na muziki pamoja nao, nasi hatukujua, tulidhani ndio mwendo wake.

Walicheza wote wawili hadi usiku mkubwa, kwa kupokezana. Mtoto alipokwenda kunawa, mpwa wangu alinyoosha mkono akairudisha swichi kwenye 50. Picha ikaanza kupanda juu ya kioo, mstari baada ya mstari, haitulii. Akainama, akakizungusha kidude kimoja kidogo cha kabati taratibu, ikasimama. Muziki ukaja polepole, ule wa chumba cha dada yangu, wa shemeji ameketi kwenye mkeka na fulana yake nyeupe akimwambia mwanawe aruke, aruke sasa. Akauacha ucheze bila ya kugusa kijiti.

Mtoto akarudi na mikono inachuruzika maji. "Baba," akasema, "mbona amechoka?"

"Ngoja kidogo," babake akamjibu. "Ngoja umalizike huu."