Mzizi ukishaoshwa, gundi itashika wapi?

Mtu akitibiwa mzizi wa jino na maumivu yakaisha, huamini kazi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Ray na Trope, walichunguza picha za eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi, wakaona kwamba afya ya mfupa unaozunguka ncha ya mzizi ilifuata zaidi ubora wa kizibo cha juu kuliko ubora wa ujazo wa mzizi wenyewe. Tafiti zilizofuata ziliipunguza makali kauli hiyo na kusema vyote viwili vina uzito, ila msingi wake umebaki: kizibo kikivuja, bakteria hurudi kule kule walikofukuzwa. Kwa hiyo kuosha mzizi na kuziba jino si kazi mbili. Kizibo cha kisasa hushikizwa kwa gundi, na dawa iliyotumika kuosha huchangia kuamua gundi hiyo itashika vipi.

Dentini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, kwa uzito ni madini karibu asilimia 70, protini takribani asilimia 20, hasa nyuzi za kolajeni, na kinachobaki ni maji. Imejengwa kama ukuta wa tembe la Kigogo: kolajeni ni fito, madini ni udongo. Gundi za kisasa, kama Nakabayashi na wenzake wa Japani walivyoonyesha mwaka 1982, hutegemea tindikali iondoe udongo wa juu kidogo ili resini ya gundi ipenye kati ya fito, kisha igandishwe kwa taa ya buluu. Sasa fikiria sodiamu haipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo kwenye jiki ya kufulia. Mkemia Dakin aliitumia kuoshea vidonda vya askari mwaka 1915 kwa nguvu ya asilimia 0.5 tu, lakini ndani ya mzizi hufika hata asilimia 5.25. Huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya nyama, na katika kazi hizo mbili kwa pamoja haijapata mpinzani. Lakini haichagui. Ikimaliza nyama iliyooza inaendelea na fito, tena huacha oksijeni kwenye vijitundu vya dentini, na penye oksijeni resini haigandi sawasawa.

Dawa nyingine zina tabia zao. EDTA ya asilimia 17 husafisha vumbi lililogandamana kwenye kuta za mzizi kwa kunyonya madini. Dakika moja hivi inatosha, na ikikaa mno, haipokloraiti ikarudishwa juu yake, ukuta hulika. Kloreksidini huiacha kolajeni salama, hata huzuia vimeng'enya vinavyoitafuna taratibu chini ya kizibo. Ila ikikutana na haipokloraiti ambayo haikusuuzwa, papo hapo hutokea mashapo ya rangi ya chungwa yanayoelekea kahawia, nayo huziba vijitundu. Kuhusu oksijeni iliyobaki, majaribio mengi yameonyesha kwamba askobeti ya sodiamu ya asilimia 10 huirudishia gundi nguvu. Hiyo ni chumvi ya vitamini C, vitamini ile ile iliyomo kwenye ubuyu wetu. (Asije mtu akasukutua kwa juisi ya ubuyu akadhani amejitibu.)

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maabara. Ni kweli: majaribio mengi hufanywa kwa meno yaliyokwisha kung'olewa, mashine ikavuta gundi hadi iachie, na majibu hayafanani. Baadhi ya gundi zenye asetoni zimewahi kushika vizuri zaidi kolajeni ilipoondolewa. Lakini kutofautiana huko hakuibomoi hoja. Kama jibu linategemea gundi ipi imefuata dawa ipi, basi daktari asiyezingatia mpangilio anabahatisha. Na anayelalamikia foleni na bajeti ana haki ya kusikilizwa, ila kusuuza kwa maji ya kutosha na kukwangua kwa kekee tabaka jembamba la dentini kwenye chumba cha jino kabla ya kupaka gundi hakuhitaji fungu jipya. Kuacha kuitumia haipokloraiti, hapana: mzizi mchafu uliozibwa kwa gundi imara bado ni mzizi mchafu.

Kwetu nyanda za kati kuna jambo la ziada. Visima vingi vya Singida na baadhi ya maeneo jirani vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango cha juu kuliko hicho. Enameli iliyokulia kwenye maji hayo, yenye madoa ya kahawia, huwa sugu kwa tindikali inayotayarisha meno kwa gundi, kwa hiyo jino huanza safari na upungufu kabla hata mzizi haujaoshwa. Majaribio mengi ya dawa za mizizi yametumia meno yasiyo na madoa hayo. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye shule ya udaktari na udaktari wa meno, kimezungukwa na watu wenye meno ambayo vitabu havikuyapima. Utafiti wa meno hayo ungefaa uanzie hapo.

Wewe unayesubiri matibabu ya mzizi, muulize daktari mapema: jino litazibwa lini, na kwa kitu gani? Ukiwekewa kizibo cha muda, rudi siku uliyopangiwa hata kama huumwi.