Tairi Nayo Ina Mizani Yake

Mtunzi hapimi ubeti kwa macho. Huhesabu mizani, akatazama vina, ndipo akasema limekaa. Gurudumu la gari nalo lina hesabu yake, na anayeichezea asiijue huumbuka njiani.

Ndugu msomaji, mtindo wa kuishusha pikapu hadi tumbo likaribie lami ulivuma Marekani, hasa California, miaka ya 1970 na 1980. Vijana walizichukua pikapu ndogo za Kijapani, wakazipunguza springi na kuzivisha rimu pana zinazong'aa. Gari lile lilikuwa la maonyesho. Mzigo wake ni macho ya watu.

Siakago, katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu, pikapu ni mtumwa wa kazi. Hubeba mbuzi, ndengu na mitungi ya maji, na hubeba muguka. Jani hilo twalijua sisi wa Pwani. Mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ililipiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha agizo hilo. Ubishi wa jani tuwaachie wenyewe. Leo twatazama kilichobeba jani. Muguka hunyauka upesi, kwa hiyo gari huenda mbio, limejaa. Basi kijana wa huko akitamani kulishusha lake, na aanze kwa kusoma ubavu wa tairi.

Pikapu nyingi ndogo za mizigo huvaa 185R14C. Upana ni milimita 185, rimu ni inchi 14, na herufi C yaarifu kuwa tairi ni ya mizigo. Kimo chake chote ni kama milimita 650. Pembeni mna namba 102, nayo maana yake ni kilo 850 kwa tairi moja.

Sasa kijana aiona 225/45R17, akaipenda. Namba 45 yasema ubavu ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 101 na kidogo. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, upate kama 634. Kimo kimepungua kidogo tu. Saa ya mwendo itasema 100 hali gari laenda kama 97 na nusu. Hilo si kubwa. Kubwa ni kuwa tairi hiyo ikiandikwa 91, uwezo wake ni kilo 615. Tairi mbili za nyuma, zilizoweza kilo 1,700, sasa zaweza 1,230. Zimepungua kilo 470, na magunia ni yale yale! Ubavu mfupi nao hauna pa kunyumbulika. Shimo likipigwa, rimu hupinda au mpira hupasuka.

Atakaye sura bila ya kuvunja mgongo, na atazame 195/70R15C yenye namba 104. Kimo chake ni kama milimita 654, na kila moja huchukua kilo 900. Rimu imekua, mzigo haukudhulumiwa.

Kisha ahakikishe boliti za rimu zalingana na za gari, kwa idadi na kwa duara lake. Alipakie gari mzigo wake wa kawaida, azungushe usukani hadi mwisho kulia na kushoto, achungulie kama mpira wagusa madigadi. Gari lililoshushwa hugusa likijaa, si likiwa tupu. Na asome tarakimu nne za tarehe: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hung'arishwa ikafanana na mpya.

Dereva ana abiria na ana wapita njia. Roho zao ni amana mkononi mwake. Nami namuaga kwa ubeti:

Ewe wa kushusha gari, usishikwe na papara,
Tairi ina habari, isome mara kwa mara,
Mzigo una hatari, chuma kikila mpira,
Heri kufika salama, kuliko kung'aa sura.