Kiungio cha Chaja: Sumaku au Tundu la Wote?

Kompyuta mpakato, hata iwe na uwezo mkubwa namna gani, hutegemea tundu dogo lililo ubavuni mwake. Humo ndimo umeme unamoingilia. Tundu hilo likiharibika, au chaja inayooana nalo ikikosekana, kompyuta nzima hugeuka mzigo mara betri inapokwisha. Kwa shule yenye kompyuta moja tu ya kutayarishia mitihani, jambo hilo si dogo. Kwa hiyo yafaa kufahamu kwa nini wahandisi wamekuwa na maoni mbalimbali juu ya kiungio hicho, na ni kanuni zipi za fizikia zinazohusika.

Kiungio chema hudaiwa mambo matatu. Kwanza, kishike barabara ili umeme upite bila kukatika. Pili, kiachie upesi mtu anapojikwaa kwenye waya, ili kompyuta isivutwe ikaanguka. Tatu, kikubali chaja yoyote iliyo karibu. Madai mawili ya kwanza yanapingana, kwani kinachoshika sana hakiachii kwa urahisi. Dai la tatu nalo huwataka watengenezaji wengi wakubaliane juu ya umbo moja, na makubaliano humnyima kila mmoja wao uhuru wa kubuni lake. Mshika mbili moja humponyoka. Mshika tatu ana kazi zaidi.

Kiungio cha sumaku

Mwaka 2006 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta zenye kiungio kilichoitwa MagSafe, ambacho hushikwa na sumaku badala ya kuchomekwa. Wazo lenyewe halikuwa geni. Huko Japani, birika za umeme zilikuwa zimekwisha kuwekewa nyaya za namna hiyo, ili mtu akiukwaa waya birika isipinduke na kumwaga maji ya moto.

Siri ya kiungio hiki ni kwamba kani ya sumaku hupungua upesi sana umbali unapoongezeka. Nyuso mbili zinapogusana hushikana. Zikitengana kwa milimita chache, mvutano huwa hafifu mno. Aidha, waya ukivutwa kwa upande, kiungio hufanya kazi kama wenzo: ukingo mmoja huwa egemeo, na ukingo wa pili huinuka kwa kani ndogo. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa kubandika sumaku bapa kwenye mlango wa kabati la chuma. Kuivuta moja kwa moja ni kazi. Kuiinua kwa ukingo mmoja ni rahisi.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Pini za kiungio cha sumaku haziingii ndani ya tundu refu na kubanwa pande zote. Hugusa tu, zikisukumwa na springi ndogo. Ukinzani wa mahali vyuma vinapogusana hutegemea usafi wake na kani inayovikandamiza, na sumaku nayo huvuta chembechembe za chuma zilizomo vumbini. Joto linalozalishwa kila sekunde ni sawa na mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Ichukuliwe kwamba mkondo ni ampea 5 na ukinzani ni omu 0.01: joto ni wati 0.25, nalo halina madhara. Uchafu ukiupandisha ukinzani hadi omu 0.1, joto hufikia wati 2.5 mahali padogo mno. Zaidi ya hayo, kiungio kinachoachia upesi huweza kuachia pasipo kutakiwa, kwa mfano kompyuta inapotumiwa mapajani.

Kiungio cha wote

Mwaka 2014 yalitangazwa maelezo ya kiungio cha USB-C, chenye pini 24, kinachoingia kikiwa kimeelekezwa juu au chini. Kimekusudiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Kwa mtumiaji anayekichomeka mara mbili kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Udhaifu wake huonekana waya unapovutwa kwa upande. Kwa kuwa plagi imo ndani ya tundu, haiponyoki kwa urahisi; kani huhamia kwenye tundu lenyewe, au huivuta kompyuta nzima hadi sakafuni.

Hata hivyo, kufanana kwa umbo peke yake hakutoshi. Simu huhitaji wati chache na kompyuta huhitaji makumi ya wati. Ili chaja moja ivihudumie vyote viwili, ni lazima kuwe na mapatano. Chaja huanza kwa kutoa volti 5 tu. Kisha hutangaza viwango inavyoweza kutoa, kama vile volti 9, 15 au 20, na kompyuta huchagua kiifaacho. Volti huongezwa kwa sababu wati ni volti mara ampea: wati 100 kwa volti 5 zingehitaji ampea 20, lakini kwa volti 20 huhitaji ampea 5 tu. Mkondo ukipungua mara 4, joto linalopotea katika waya uleule hupungua mara 16. Mwaka 2021 upeo ulipandishwa hadi volti 48 na wati 240. Waya wa kubeba zaidi ya ampea 3 sharti uwe na chipu inayotaja uwezo wake. Basi nyaya mbili zinazofanana kwa sura zaweza kutofautiana kwa uwezo.

Njia ya kati

Mwaka 2016 Apple iliondoa sumaku katika kompyuta zake mpya za MacBook Pro na kuweka USB-C. Mwaka 2021 ilirudisha sumaku, lakini kwa utaratibu mwingine: ncha moja ya waya ni ya sumaku na ncha ya pili ni USB-C, tena kompyuta hizo hukubali pia kuchajiwa kwa USB-C moja kwa moja. Umoja wa Ulaya, kwa nia ya kupunguza taka za vifaa vya umeme, ulipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha USB-C: kwa simu kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Sheria hiyo haikatazi kuongeza kiungio cha pili.

Anayeichagulia shule kompyuta hana budi kupima hatari mbili. Hatari ya kujikwaa hupunguzwa kwa uangalifu: waya upitishwe kando ya ukuta, wala usikatize njia. Hatari ya kukosa chaja ya pekee, mahali ambapo haiuzwi, haiondolewi na uangalifu wowote. Kwa sababu hiyo, pale ambapo watu wengi hushirikiana vifaa vichache, tundu la wote ndilo la kutanguliza, na sumaku, ikipatikana, iwe nyongeza.