Fahamu: Tiba kwa vitendo inavyomsaidia mtoto Munigi

Mtoto asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au asiyetembea akifika mwaka mmoja na nusu, apelekwe kupimwa. Majirani watasema amerogwa. Mara nyingi chanzo ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya kichanga au malaria iliyopanda kichwani.

Tiba kwa vitendo, ambayo kwa Kifaransa huitwa ergothérapie, huanzia kwenye shughuli za mtoto mwenyewe: kula, kuvaa, kuoga, kucheza. Kijiko kikimponyoka, mpini hunenepeshwa kwa kipande cha kitenge. Hulishwa akiwa ameketi wima, kamwe si chali, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni. Kuokota maharagwe kutoka bakulini, huku mtu mzima akimwangalia asiyameze, huzoeza vidole. Kurushiana mpira na wenzake humfunza kungoja zamu.

Munigi, karibu na Goma, ina ugumu wake. Ardhi ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na miguu dhaifu huhangaika hapo. Kisha vita vya Januari 2025 vilizihamisha familia kwa mara nyingine. Baada ya vita hivyo, mtoto anayeziba masikio bati likigongwa asipigwe kofi! Atafutiwe pembe tulivu, akumbatiwe kwa uthabiti, sauti zirudishwe kidogokidogo.

Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja kwa wenye ulemavu. Wazazi waanze kuuliza huko. Mazoezi ya nyumbani, dakika chache kila siku, ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi.