Sukari katika vinywaji vya watoto: unene si lazima uwe dalili ya afya

Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, kama kwingineko nchini Rwanda, sherehe ya harusi au ubatizo huonekana pungufu pasipo soda, ambayo wengi huiita "fanta" hata ikiwa ya aina nyingine. Mtoto hupewa chupa yake kwa upendo, na akinenepa husifiwa kwamba "ana afya". Sifa hiyo yafaa itazamwe upya.

Mtoto wa miaka mitano huhitaji takribani kilokalori 1,300 kwa siku. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi ya matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku nzima. Kwa mtoto huyo, kiasi hicho ni kama gramu 32. Kola ya mililita 330 ina takribani gramu 35. Hivyo, kabla hajagusa andazi, biskuti wala chai yenye sukari, amekwisha kuvuka kikomo.

Isitoshe, sukari iliyo katika kinywaji haishibishi kama chakula cha kutafuna. Mtoto hunywa soda, kisha akala kama kawaida, na nishati isiyotumika huhifadhiwa mwilini kama mafuta. Unene huo ukidumu hadi utu uzima, huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Meno nayo huoza.

Huenda mtu akauliza: kwa nini kujadili unene katika nchi ambako utafiti wa kitaifa wa 2019-2020 ulibaini kuwa asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa? Jibu ni kwamba udumavu na unene vyote vyaweza kutokana na lishe duni. Fedha iliyonunua soda haikununua yai, maharage wala sambaza wa Ziwa Kivu. Na mtoto aliyedumaa anaweza pia kunenepa kupita kiasi. Ndiyo maana mtoto anapopimwa uzito, ni muhimu apimwe na urefu wake.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 39 kwa soda. Hata hivyo, uamuzi mkubwa hufanyika nyumbani. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe kabisa vinywaji vyenye sukari. Kwa wakubwa wao, maji salama na maziwa yasiyotiwa sukari vyafaa kuwa vinywaji vya kila siku, na tunda zima ni bora kuliko juisi yake. Soda ibaki kuwa ya sherehe, tena kwa kiasi kidogo.